Mtoto Akae Palipo na Friji

Jumanne, mwezi 9 Mfungo Mosi

Mvua ya masika imeanza leo alfajiri na bati la upande wa jikoni limeanza kuvuja pale pale pa mwaka jana. Samiha amenipa daftari lake la hisabati lenye kurasa tupu, akaniambia, "Bibi, kulla siku wagombana na ukuta. Andika." Skuli sikutia mguu. Herufi nilizo nazo ni za chuoni, alifu na be na te, na Kiswahili changu nakiandika kwa hizo hizo. Awezaye kusoma na asome.

Naanza na friji, kwani ndiyo iliyonikera asubuhi. Imegandisha maziwa tena. Si kule juu panapowekwa barafu, la, ni huku chini kwenye mboga. Nyanya zimekuwa mawe, ukimpiga nayo mwizi hainuki. Mwezi wa Shaabani nilimwita Waleed, kijana wa hapa hapa Bofu, Likoni, auzaye katika lile duka la mjini tulikoinunua. Alikuja, akavua viatu mlangoni, shikamoo mbili, akatia mkono ndani akasema, "Bibi, inapoza vizuri mno. Wenzako walia zao hazipozi." Hakuandika kitu. Nikampa chai na mahamri. Nikasema, mtoto huyu kalelewa.

Friji yenyewe si ya maji baridi. Samiha mjukuu wangu ana miaka kumi na miwili na ana sukari tangu miaka tisa, na dawa yake ya sindano sharti ikae kwenye ubaridi. Babake alipofariki, mamake, binti yangu Nasreen, alirudi kwangu na mtoto, akakaa eda, akamaliza. Ndipo shangazi mtu, Ummulkheir, akaja kutoka Mishomoroni na wazee wao kumtaka mtoto. Yeye alikuwa na friji, mimi sina. Wazee wakakata shauri: mtoto akae palipo na friji. Nasreen akaenda Uarabuni kufua nguo za watu, na cha kwanza alichotuma kikawa pesa za friji, hata kanga hakujinunulia. Ummulkheir akabaki na mdomo wake, mtoto nikawa naye mimi. Tangu siku hiyo akinisalimia ni kama mtu atemaye kokwa.

Ijumaa, mwezi 12 Mfungo Mosi

Mpangaji wangu wa chumba cha uani, Cheryl, msichana wa bara, ameanika nguo zake za ndani kwenye kamba yangu wakati watu wanakwenda Ijumaa. Nimezitoa kwa kijiti. Ati, "Pole, Shosho." Shosho, bibi kwa lugha ya kwao, ni nani? Mimi ni Bi Dhahabu.

Jumatatu, mwezi 15 Mfungo Mosi

Leo friji imetimiza miaka miwili. Tuliinunua siku kama ya leo, kumi na tano Mfungo Mosi, nami nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza sita zangu za baada ya Ramadhani. Samiha ameibusu mlangoni akaiimbia. Waranti nayo imekwisha leo. Alhamdulillahi, hatukuihitaji.

Jumatano, mwezi 17 Mfungo Mosi

Samiha yuwanywa maji kama ngamia. Sindano zake apiga barabara, namwona kwa macho yangu. Namwuliza, asema ni joto. Joto gani na mvua hii?

Ijumaa, mwezi 19 Mfungo Mosi

Mvua. Samiha amelala mchana kutwa, na likizo hii.

Jumatano, mwezi 24 Mfungo Mosi

Siku nne sikuandika.

Jumapili baada ya chai nilimkuta Samiha ameketi kitandani akihema kama mtu aliyekimbia. Hakukimbia, hata chooni alikuwa hajafika. Nikamsogelea, kinywa chake chanuka embe lililovunda. Akaniangalia akasema, "Bibi, waniona?" Mimi niko mbele ya uso wake! Kisha akatapika kifuani mwangu. Nilipiga ukelele mmoja tu. Aliyefika wa kwanza ni Cheryl, na povu la sabuni masikioni, amejifunga taulo. Hakuuliza. Alivaa gauni juu ya taulo lile, akamtia mtoto mgongoni na kutoka naye kwenye matope hadi barabarani. Mimi nyuma na kiatu kimoja. Majirani zangu wa miaka thelathini walikuwa vibarazani wakiniuliza, "Kwani kuna nini?"

Hospitali walimtia dripu mbili. Daktari, mwanamke, akaomba kuiona dawa atumiayo. Nilikuwa nimekibeba kichupa. Akakiinua mwangani.

"Bibi, hii iliwahi kuganda?"

Nikamjibu kwa fahari, mimi mjinga: "Friji yetu nzuri, daktari. Inapoza mno. Hata nyanya hugandisha."

Akakiweka kichupa mezani polepole, kama mtu awekaye yai. Akaniambia dawa hii ikiganda mara moja imekufa. Ikiyeyuka utaiona safi, rangi ile ile, lakini ni maji. Mtoto amekuwa akijidunga maji.

Kulla asubuhi nilikuwa namshikia ule mkono. Nasema bismillahi, namwambia, jikaze, dawa hii ndiyo uhai wako. Lahaula.

Ummulkheir alifika adhuhuri, akasimama upande wa pili wa kitanda. Hakunipa salamu. Alimshika Samiha miguu akaisugua, kisha akanitazama.

"Palipo na friji, Mama Nasreen. Si ndivyo tulivyokubaliana?"

"Ninayo friji."

"Hiyo ni friji au ni kaburi?"

Nilitaka kumrukia. Leo mtoto ameruhusiwa na ameondoka naye, Mishomoroni, na mkoba wa skuli na kila kitu. Samiha alilia kwenye tuktuk. Mimi sikulia. Nilirudi nyumbani nikaing'oa ile friji kwenye stima, nikaipiga teke, na sasa kidole cha mguu kimevimba.

Jumamosi, mwezi 27 Mfungo Mosi

Nimekwenda dukani mjini. Waleed alinipa kiti. "Shikamoo Bibi, hali ya mgonjwa?" Nikamweleza yote, neno kwa neno, na kichupa nikamwonyesha. Akatikisa kichwa kwa huruma. Huruma ile, wallahi, ningeweza kuilalia.

"Bibi, ilinunuliwa lini hii?"

"Miaka miwili imetimia siku kumi na mbili zilizopita." Nilisema kwa kinywa changu mwenyewe, hakuna aliyenibana.

Kadi ya waranti nilikuwa nimemwekea pale pale mezani. Hakuifungua. Uso wake ukanyooka kama shuka ikipigwa pasi. "Basi waranti imekwisha, Bibi. Lau ungekuja kabla. Na halafu, friji haiwezi kuitwa mbovu na huku inapoza."

"Inapoza mpaka inaua."

"Hilo ni la dawa, Bibi, si la friji."

Akanitolea karatasi ya Kizungu nitie saini, ati ndiyo utaratibu, kwamba nimekuja nimesikilizwa, na fundi nitafute mwenyewe. Nikaandika jina langu kwa herufi zangu. Akacheka, "Hiki Kiarabu, Bibi?" Nikamwambia, "Ni Kiswahili, baradhuli." Akanipa nakala na kunisindikiza hadi mlangoni. Nilitoka nikimwombea dua njema. Nilijiona mwenye makosa ni mimi, niliyechelewa siku kumi na mbili.

Alhamisi, mwezi 3 Mfungo Pili

Mvua usiku na mchana. Nimepika wali wa watu wawili kwa mazoea.

Jumapili, mwezi 6 Mfungo Pili

Fondo fundi amekuja kuifungua friji. Huyu hana shikamoo nyingi, aingia na bisibisi mdomoni. Amechomoa kidude kidogo kama kifungo cha koti.

"Hiki ndicho chapaswa kuzima baridi ikitosha. Chako hakizimi. Yaani ni kama mtu asiyejua kushiba."

"Nimekiharibu mimi?"

"Hata. Mwaka huu hiki ni cha nne natoa, friji za jina hili hili. Hiki kimezaliwa hivi, mama."

"Basi nitilie kingine."

Akafuta mikono kwenye suruali. "Cha friji nyingine naweza kukibandika. Kwa soda na samaki, sawa. Kwa dawa ya yule mtoto, usiniapishe."

Hakunibembeleza. Nimempenda kwa hilo, ingawa nimemwambia matope yake ayafute mwenyewe.

Ijumaa, mwezi 11 Mfungo Pili

Mishomoroni. Nimevuka feri, nimepita mji mzima, nikafika nimelowa. Ummulkheir akafungua mlango nusu.

"Chai?"

"Nimekunywa."

"Kaa basi."

"Sikuja kukaa."

Nikakaa saa nzima. Samiha ana rangi. Ndani ya friji ya shangazi yake rafu ya chini nzima ni yake, na kipimajoto kimening'inizwa kwa uzi, na Ummulkheir hukisoma asubuhi na jioni na kuandika. Nimekitazama kile kipimajoto kama mke atazamavyo mke mwenzake. Nilipokuwa natoka Samiha alinisindikiza hadi kona akaninong'oneza, "Bibi, wali wake hauna chumvi." Nimerudi Likoni nikitabasamu kwenye mvua kama mwehu.

Jumatatu, mwezi 14 Mfungo Pili

Sitaki kuandika.

Ijumaa, mwezi 18 Mfungo Pili

Leo nimejua kwamba nimechezewa.

Cheryl alibisha jioni na sahani ya viazi karai, ati amepika vingi. Mwongo, alitaka kumjulia hali Samiha. Ofisi yake iko Kipevu, kazi yao ni kutoa makontena bandarini, kutwa kucha yeye na karatasi. Akaziona za kwangu kwenye mkeka, kadi ya waranti na ile nakala ya duka, akaziokota kama watu wengine waokotavyo sarafu.

"Shosho, friji ilikufa lini?"

"Baada ya waranti."

"Nani alisema?"

"Mimi nilisema. Kumi na tano Mfungo Mosi ilitimiza miaka miwili."

Akaniangalia. Akaangalia kadi. "Hapa wameandika tano Mei, miaka miwili, mpaka tano Mei ya mwaka huu. Na hii karatasi uliyotia saini dukani ni ya ishirini na sita Aprili." Akahesabu kwa vidole vyenye rangi nyekundu. "Ulienda zikiwa zimebaki siku tisa."

Nikamwambia asinichezee, miaka miwili ni miaka miwili. Akatoa simu. Akaniuliza, "Ramadhani ya mwaka huu na ya mwaka jana ziliingia tarehe moja?" Nalijua jambo hili kuliko yeye. Ramadhani kila mwaka yatangulia siku kumi, kumi na moja, mpaka waifunga kwenye kaskazi na waifunga kwenye kusi. Mwaka wetu wa mwezi ni mfupi kuliko wao. Miaka miwili, siku ishirini na moja. Nimeishi nalo tangu nazaliwa, ila sikudhani friji nayo ina mwaka wake.

Lakini aliyenitia hasira si mimi. Mimi nilikosea. Waleed je? Kadi ilikuwa mezani mbele yake, na yeye azijua kalenda zote mbili. Saumu aifunga kwa yetu, mshahara aupokea kwa yao. Alisikia bibi kizee amejikata kamba mwenyewe, akamfungulia mlango adondoke.

Nimekula vile viazi vyote. Pilipili ilikuwa nyingi, nimemwambia. Kesho nitamwachia nusu ya kamba.

Jumatatu, mwezi 21 Mfungo Pili

Tumekwenda dukani, mimi na Cheryl, aliyeomba ruhusa kazini. Waleed alipotuona wawili akaanza kupanga birika ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Nikamwambia, "Usinipe shikamoo leo, itunze." Akamwita meneja, mwanamume wa suti, harufu ya karafuu.

Cheryl akaweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu. Meneja akasoma, akakuna shingo.

"Lakini mama mwenyewe alisema imeisha. Na amesaini."

"Ulimi wangu si kalenda yako," nikamwambia. "Kadi uliiandika wewe. Wewe ndiwe mwenye kujua yaisha lini."

"Sawa. Hata hivyo leo imeisha kweli."

"Leo imeisha," Cheryl akasema. "Siku aliyokuja ilikuwa haijaisha. Na mlimrudisha."

"Tutalitazama, madam. Mtapigiwa simu."

Nikamwuliza, mngekuwa mmelitazama mwezi wa Shaabani mtoto angelala hospitali? Akasema kwenye rekodi zao hakuna malalamiko ya Shaabani. Nikamgeukia Waleed. "Ulitia mkono wako ndani ya friji yangu au hukutia?" Wateja wote wakageuka. Waleed akatazama birika. Mtoto niliyemfahamu tangu atembea bila suruali! Nikamwambia mahamri yangu yatamtokea puani siku moja, na nikatoka kabla sijasema la kuniingiza dhambini.

Ijumaa, mwezi 25 Mfungo Pili

Hawajapiga. Mvua imepungua. Nasreen amepiga kutoka huko Uarabuni, nimemficha nusu ya habari, naye najua amenificha nusu ya zake.

Jumanne, mwezi 29 Mfungo Pili

Nimekutana na Samiha na shangazi yake kliniki ya sukari. Tumeketi benchi moja, Ummulkheir mwisho huu, mimi mwisho ule, mtoto katikati kama mpaka wa shamba.

Mbele yetu alikuwa mwanamke kijana, Jalila, na binti yake wa miaka minne. Nikamsikia akimwambia muuguzi kwamba mtoto sukari haishuki, na dawa haruki hata siku. Nikaingilia, kwani mimi kuingilia sioni haya.

"Mwanangu, friji yako ya jina gani?"

Akanitajia. Ndiyo hiyo hiyo. "Yagandisha mboga?"

"Hata maziwa, Bibi. Nilikwenda dukani, wakanambia waranti imekwisha mwaka mzima, watanisaidiaje?"

Nikamkamata mkono mbele ya watu wote, nikamwambia leo leo dawa hiyo aimwage. Muuguzi akampa kichupa kingine. Yule mtoto mdogo alikuwa akicheza na kifungo cha buibui langu, miguu yake kama vijiti. Nilipoinua macho, Ummulkheir alikuwa akinitazama.

Alhamisi, mwezi 2 Mfungo Tatu

Ofisi ya msaada wa sheria, bure. Cheryl ndiye aliyeijua. Kijana wa pale amenisikiliza bila kutazama saa, nikamheshimu. Kadi na karatasi akazisoma mara mbili. Akasema nina haki kwa tarehe zangu, hilo halina kesi kubwa. Nikamwuliza la Jalila: yeye tarehe zake zimekwisha kweli. Je, ndiyo basi?

Akasema la. Waranti ni ahadi ya duka tu, na juu yake kuna sheria ya nchi inayomlinda mnunuzi, kwamba kitu cha bei kubwa kiuzwacho sharti kifae kwa kazi yake na kidumu muda wa maana. Kikiwa na kasoro ya kuzaliwa, karatasi ya duka kuisha si kusema haki imeisha. "Lakini lazima adai," akasema. "Na lazima athibitishe. Na lazima ajue kwamba si yeye peke yake."

Tumefungua madai korti ya madai madogo. Fondo atakuja kusema aliyoyaona. Nimetia saini kwa herufi zangu na hakuna aliyecheka.

Jumanne, mwezi 7 Mfungo Tatu

Waleed amekuja nyumbani. Magharibi imekaribia, amesimama mlangoni na bahasha, viatu mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Ingia."

Nilikuwa nimepika mkate wa sinia. Nikamkatia kipande. Akasema hana njaa. Nikamwambia, "Kula kwanza, ndipo nikutukane." Akala. Koo lake lilikuwa likipanda na kushuka kama la kuku. Kisha akaniambia duka limekubali kunipa friji mpya, ya jina jingine, bora zaidi. Kesho asubuhi italetwa. Kabla ya Idd mtoto atakuwa kwangu.

Moyo wangu ulitoka nje ukapiga mbio mpaka Mishomoroni ukarudi.

"Na bahasha?"

"Saini tu, Bibi. Utaratibu."

Utaratibu. Nikamwita Cheryl aisome, naye akaifasiri mstari kwa mstari, amesimama, ufagio mkononi. Ya kwanza, kwamba waranti ilikuwa imekwisha na duka lanipa friji kwa hisani. Ya pili, madai ya korti nayafuta. Ya tatu, kwamba kasoro ya friji hii sitaitaja kwa mtu yeyote, popote, wala sitamsaidia mtu mwingine kudai. Nikiitaja, friji yarudi.

"Kwa mtu yeyote," nikasema.

"Ni maneno ya mawakili, Bibi. Nani atakuja kukusikiliza hapa Bofu?"

"Waleed. Nitazame. Wangapi wamerudisha friji hii?"

Akatazama sinia.

"Wangapi?"

"Kumi na moja niliowapokea mimi." Sauti ilikuwa ndogo. "Tumeambiwa tuseme inapoza. Bibi, nina mke ana mimba. Nisiporudi na saini hii sina kazi. Wallahi sina."

Nami nilimwonea huruma, na kwa huruma ile nikamchukia zaidi, maana alikuwa ameileta makusudi, kama mtu ajaye na mtoto mchanga kuomba. Nikachukua kalamu. Niandike ukweli: niliichukua, nikaiweka kwenye karatasi. Nilimwona Samiha jikoni kwangu. Nilimwona akichota chumvi kwa kidole. Nikaandika alifu.

Halafu nikaiona miguu ya yule mtoto wa Jalila.

Kuna wengine. Wako watu asubuhi hii wamewashika watoto wao mikono wakawaambia jikaze, dawa hii ndiyo uhai wako. Nami nikae na friji mpya nikinyamaza, nikipita mbele ya mlango wao na tasbihi?

Niliirarua mara mbili, nikamrudishia kwenye bahasha yake. "Waambie Bi Dhahabu hataki hisani, na mdomo wake hauuzwi pamoja na friji. Na wewe, ukifukuzwa, njoo useme kortini hao kumi na moja. Ukisema, mkeo akijifungua nitamkanda mimi mwenyewe siku arubaini. Usiposema, pita njia nyingine."

Aliondoka bila kuaga. Mkate kaubakisha. Cheryl akaweka ufagio chini akasema, "Shosho, una hakika?" Nikamwambia aende akalale. Hakika sina.

Jumatano, mwezi 8 Mfungo Tatu

Nimempigia Samiha nikamwambia mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Akasema, "Yaani ilikuwa ije leo?" Nikasema ndiyo. "Na wewe ukakataa?" Ndiyo. Akakata simu. Nimepiga mara nne, haipokelewi.

Alhamisi, mwezi 9 Mfungo Tatu

Nimefunga Arafa. Nimefuturu peke yangu, tende na maji.

Ijumaa, mwezi 10 Mfungo Tatu, Idd

Nimeswali, nikarudi, nikaketi ukumbini na nguo mpya, na nyumba ikanitazama. Nikajiambia, Dhahabu, wewe wamngoja nani? Friji haiji. Mtoto haji. Kesi, Cheryl asema ni tarehe thelathini Juni. Kwa hesabu yangu ni mwezi nne au tano Mfungo Nne, kutegemea mwandamo. Na siku hiyo hakimu aweza kuahirisha. Na mimi nina miaka sabini na kitu, sina miezi ya kumwaga.

Nikakunja mkeka wangu wa kulalia. Nikatia kwenye kikapu kanga mbili, msala, daftari hili, na sufuria ya pilau. Ufunguo nikampa Cheryl. Akaniuliza nitarudi lini, nikamwambia kamba yote ni yake.

Samiha ndiye aliyefungua. Alinitazama, akautazama mkeka. Mdomo alikuwa ameubana kabisa, lakini alikipokea kikapu. Akasema, "Yule mtoto mdogo wa kliniki amepona?" Nikamwambia mamake asema sukari imeshuka. Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani mbele yangu, bado hajanichekea. Nimemkasirisha, na ana haki, nami siwezi kumwomba radhi kwa jambo ambalo nikiulizwa kesho nitalifanya tena.

Ummulkheir alitoka jikoni akijifuta mikono. Akaona mkeka.

"Idd mubarak, Mama Nasreen. Hilo ni nini?"

"Mkeka."

"Naona ni mkeka."

"Mtoto yuko kwako. Mimi niko alipo mtoto. Nitalala hapa ukumbini, miguu yangu haitafika kwenye mlango wa mtu."

Wageni wa Idd walikuwa wamejaa, wifi zake, majirani, wote na vikombe mikononi. Asingeweza kunifukuza mbele yao na alijua kwamba nalijua hilo. Macho yake yakawa membamba.

"Nimesikia ulikataa friji."

"Nilikataa."

"Nilimwambia Samiha, bibi yako ana wazimu." Akachukua sufuria yangu kutoka kwenye kikapu, akafunua, akanusa, akafunika. "Tena pilau waniletea, kana kwamba hapa hapapikwi."

"Hapa hapatiwi chumvi."

Mtu mmoja akakohoa. Ummulkheir hakuiweka chini sufuria. Simpendi. Kuandika kwamba nampenda ni uongo, na daftari hili sikulianza kwa uongo. Lakini kipimajoto chake kilikuwa kikining'inia mle frijini kwa uzi, na mlangoni mwa friji zile hesabu zake za asubuhi na jioni, siku arubaini na nne, hajaruka hata moja.

"Utakaa mpaka lini?"

"Mpaka hakimu aseme."

"Na akichelewa?"

"Basi nionyeshe jiko lako lawashwaje."